Haiku moja kila siku majira ya machipuko: jibu langu kutoka Matsuyama

Mleta mada, asante kwa uzi huu. Kwa wadau waliochelewa: dada yetu yuko Ujerumani, tangu Machi ilipoingia anaandika haiku moja (shairi fupi la Kijapani la mistari mitatu) kila siku kwa Kiswahili, na anauliza mambo matatu. Furaha anayoipata sasa itadumu au ni upya wa jambo tu? Haiku ya Kiswahili lazima ifuate 5-7-5, yaani mizani (silabi) tano, saba na tano? Na siku ambayo hana la kuandika afanyeje? Hapo juu kuna mdau kamjibu kwamba haiku ni mali ya Wajapani, sisi tuna tenzi na mashairi yetu, aachane nazo. Na huyo nitamfikia.

Mimi mtu wa Muheza, Tanga. Naishi Matsuyama, kisiwa cha Shikoku, Japani, na kazi yangu ni ghala la kuchambua machungwa. Kutoka kwenye machungwa kwenda kwenye machungwa, ndiyo riziki. Huu mji ndiko alikozaliwa Masaoka Shiki, mwaka 1867, na yeye ndiye aliyefanya haiku isimame peke yake kwa jina tunalolijua leo. Basi mji mzima umeshika jambo hilo. Ndani ya tramu, kwenye ngome iliyo juu ya kilima, kule Dogo kwenye mabafu ya maji moto, utakuta visanduku vyenye tundu, karatasi ndogo pembeni na kalamu. Unaandika haiku yako, unatumbukiza, unaendelea na safari. Wahusika huzikusanya na kuzichagua. Kila Agosti tangu 1998 wanafunzi wa sekondari kutoka nchi nzima huja hapa kushindana kwa haiku, timu kwa timu, kila upande ukitetea la kwake na kulihoji la mwenzake. Mtoto wa miaka kumi na sita anasimama mbele ya ukumbi kueleza kwa nini neno "mvua" limewekwa mwanzo badala ya mwisho. Ukiishi mahali kama hapa, kalamu inakujia tu.

Nianze na furaha, maana ndiyo kiini cha swali. Itadumu, dada, ilimradi uiache siku yenyewe ikupe cha kuandika. Na majira haya ya machipuko ndiyo mwalimu bora kuliko yote, kwa sababu leo haifanani na jana. Kwenye hesabu ya haiku majira haya huanza mapema sana, tarehe 4 Februari hivi, bado watu tunatetemeka, na huisha tarehe 5 Mei hivi. Kalenda ya zamani ya Kijapani imeugawa mwaka vipande 72, kila kimoja siku tano hivi, na kila kipande kina jina la jambo linalotokea. Februari kuna siku za ndege uguisu kuanza kulia milimani. Katikati ya Machi viwavi wanakuwa vipepeo, kisha shomoro wanaanza kujenga, kisha sakura ya kwanza inafunguka. Mwanzo wa Aprili radi inasikika mbali, wanafuata mbayuwayu kurudi, bata bukini kwenda kaskazini, upinde wa mvua wa kwanza. Siku tano, jambo jipya. Mtu aliyeitengeneza kalenda kama hiyo alikuwa anatazama kweli.

Mimi nayachukua majina hayo kama ratiba. Asubuhi naangalia tuko kwenye kipande gani, halafu natoka kwenda kazini nikikitafuta. Mara nyingine kimewahi, mara nyingine kimechelewa, na kile kuwahi au kuchelewa ndicho kinachonichangamsha. Unajikuta unasimama njiani kumsikiliza ndege ambaye jana ungempita na simu yako sikioni.

Ua la mji huu ni tsubaki, wengine huliita kamelia. Jekundu, zito, na lina tabia yake: halipukutiki kidogo kidogo, linaanguka zima kwa mara moja, na kishindo chake unakisikia. Kuna hekalu hapa wanaliita kwa jina la ua hilo, sikukuu yake hufanyika mwanzoni mwa mwaka wa kalenda ya mwezi, na wenyeji watakwambia baridi haiondoki mpaka sikukuu ya Tsubaki ipite. Wiki ile ilipopita nilikuwa nimeegesha baiskeli chini ya mti, narudi nakuta:

*Ua jekundu*
*limeanguka zima*
*kapuni mwangu.*

Sikuongeza kitu. Mfanyakazi mwenzangu alinikuta bado nimesimama pale, akachungulia kapuni, akacheka kwa furaha na kuniambia nisilitoe. Nililipeleka mpaka ghalani.

Kitu kingine cha hapa kitakachokufurahisha: sakura hutangazwa rasmi. Idara ya hali ya hewa ina mti wake mmoja wa mfano katika kila eneo, wa hapa upo bustani ya Dogo, na ofisa huja kuhesabu maua. Yakifika matano au sita yaliyofunguka, basi inatangazwa kwamba sakura imeanza. Watu wazima, na kamera zao, wamemzunguka ofisa anayehesabu maua matano. Sijawahi kuona serikali ikifanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Sasa suala la siku ambayo huna la kuandika. Nitakusimulia la Shiki mwenyewe. Kuna juma linaitwa higan, siku saba zinazouzunguka usawa wa usiku na mchana wa Machi, watu huenda makaburini kuwaona wazee wao. Kwa kawaida wanasema likifika juma hilo baridi imekwisha. Mwaka 1893 lilifika na baridi ikawa bado kali. Shiki akalalamika, mama yake akamjibu kama mama yeyote anavyojibu: kila mwaka ni hivihivi, higan ikiingia kunakuwa baridi. Shiki akasikia kwamba maneno ya mama yamekaa kwenye mapigo 17, yaani 5-7-5, bila mama kujua, akayaandika kama yalivyo, na ni moja ya haiku zake zinazojulikana sana mpaka leo. Hakuna mlima, hakuna mwezi. Ni mama anamjibu mtoto wake.

Mtu huyohuyo miaka yake ya mwisho aliimaliza kitandani, kifua kikuu kimeingia kwenye uti wa mgongo, hawezi kusimama. Alichokuwa nacho ni bustani ndogo nje ya chumba. Aliandika alichokiona kutoka kwenye godoro: maua yanayofanana na kilemba cha jogoo, mvua, dodoki. Ndiyo, dodoki, hili la kusugulia mwili. Haiku zake za mwisho kabisa, Septemba 1902, ni za madodoki, naye alikuwa na miaka 34. Kanuni yake ilikuwa kuchora kwa maneno kile kilicho mbele yako. Kwa hiyo siku ukisema huna la kuandika, dada, sogea dirishani. Sikiliza nani anasema nini jikoni. Hata mafua yanayosababishwa na chavua, ambayo huku Machi yanatutesa kwa sababu ya misitu ya mierezi waliyoipanda kila mlima, yameingia kwenye vitabu vya maneno ya majira, yaani maneno yanayomwonyesha msomaji ni wakati gani wa mwaka. Kupiga chafya ni haiku halali kabisa.

Mimi nina daftari dogo linalokaa mfuko wa aproni. Siku hizi kurasa zake zina harufu ya maganda. Chungwa la hapa linaitwa iyokan, kubwa, ganda nene, linapita kwenye mkanda mbele yetu kuanzia baridi mpaka machipuko, tukiondoa yenye doa na yaliyobonyea. Siku ya mwisho ya msimu wake niliandika papo hapo, nimesimama:

*Chungwa la mwisho*
*lapita mkandani.*
*Mashine kimya.*

Sijui kama ni haiku kubwa. Najua kwamba ile dakika ninayo, na bila daftari ningeshaisahau.

Niseme kidogo jinsi ya kuandika, maana naona wengi mnaanguka palepale. Ukiona sakura zimejaa kuanzia mtoni hadi ngomeni, mkono unataka kuandika hivi:

*Sakura hizi*
*zajaza moyo wangu*
*furaha kubwa.*

Mizani imetimia, na hakuna kilichosemwa. Mtu mwingine hawezi kuuona moyo wako. Kaa kidogo, tazama tena, chagua kitu kimoja:

*Sakura tatu,*
*kofia ya polisi.*
*Hana habari.*

Huyu polisi alikuwepo kweli, anaongoza magari, petali zimetua juu ya kofia, na uso wake wa kazi haukutetereka. Furaha imo humo ndani yote, na neno "furaha" halimo. Hili ndilo zoezi la kila siku: kuondoa jina la hisia na kubakiza kilichoileta.

Halafu neno la majira. Weka moja, lisiwe mawili, liwe la siku yako kweli. Chura wa Bashō, mshairi wa zamani wa haiku, wa mwaka 1686, yule anayerukia bwawa kuukuu, ni neno la machipuko, kila msomaji wa Japani akimsikia anajua ni wakati gani wa mwaka. Vipepeo, ukungu mwepesi wa mchana, usingizi mtamu wa asubuhi, vyote ni vya majira haya. Na mbayuwayu. Wa hapa hutoka Asia ya Kusini-Mashariki, wanajenga upenuni mwa maduka katikati ya watu, na mwenye duka havigusi viota vyao, anatandika gazeti chini kwa ajili ya uchafu na biashara inaendelea:

*Duka la chai,*
*mbayuwayu warudi,*
*gazeti chini.*

Lakini mbayuwayu wako wewe, dada, hao unaowaona Ujerumani mwezi Aprili, wanatoka Afrika. Wamevuka jangwa la Sahara kukufuata. Hilo mimi huku sinalo, nakuonea kijicho chema kabisa. Liandike kabla hujalizoea.

Kuhusu upepo pia kuna jambo la kwetu. Kati ya Februari na Machi hapa huvuma upepo mkali wa kwanza wa kusini, nao hutangazwa kwenye taarifa ya hali ya hewa. Nilipousikia mara ya kwanza, damu ya Tanga iliniambia jina lake:

*Kusi ya kwanza,*
*nguo za majirani*
*zatua kwangu.*

Tuje kwenye 5-7-5. Hapa Mswahili ana bahati na naomba tuitumie. Wajapani wanahesabu mapigo, na mapigo yao yanafanana na mizani zetu karibu moja kwa moja. Irabu ndefu kwao ni mapigo mawili, kama "kaa" ilivyo ka-a. Ile "n" yao ya mwisho wa silabi ni pigo kamili, kama "m" ya "mti" ilivyo mizani kamili. Tokyo wao wanaihesabu nne, to-o-kyo-o, na "kyo" ni moja kama "kya" ya kwetu ilivyo moja. Mtu aliyekuzwa na mashairi ya mizani 16 redioni hahitaji kufundishwa, kidole kinahesabu chenyewe. Kiingereza kina shida, silabi moja yao mara nyingi ni neno zima, 17 zinakuwa nyingi mno, ndiyo maana washairi wengi wa Kiingereza siku hizi hawafiki huko. Sisi 17 zinatutosha sawasawa.

Kinachotubana ni vitenzi. "Nitakapowaona" ni mizani saba, mstari wa kati umekwisha na hatujaona kitu. Kwa hiyo tumia wakati wa -a-: "laanguka", "warudi", "zatua". Acha nomino zisimame bila kitenzi pale inapowezekana. Washairi wetu wa zamani walikuwa na inkisari, kufupisha neno ili mizani ikae, na sioni sababu ya kuiacha mlangoni. Vina hapana. Mistari mitatu mifupi yenye vina hugeuka wimbo wa watoto. Na hakikisha kuna mkato mmoja, pale msomaji anaposimama kabla ya nusu ya pili. Wajapani wana vineno vya kukatia, sisi nukta au koma inatosha.

Je, ni lazima? Mji huu wenyewe una majibu mawili. Wanafunzi wawili wakubwa wa Shiki, wote wazaliwa wa hapa, waligawanyika: Takahama Kyoshi akashika mapigo 17 na neno la majira mpaka alipofariki 1959, Kawahigashi Hekigotō akaelekea kwenye haiku huru. Na Taneda Santōka, mtawa mzururaji aliyeandika haiku zisizo na hesabu, alikuja kumalizia maisha yake hapahapa Matsuyama, 1940. Mimi nipo na Kyoshi, hasa kwa anayeandika kila siku. Hesabu inakulazimisha kubadilisha neno, na katika kulitafuta neno jingine unarudi kutazama ulichokiona. Mara nyingi ndipo unapokiona vizuri.

Ndugu yangu uliyesema haiku si yetu, nakuheshimu, na tenzi nazipenda kuliko unavyodhani. Bibi yangu alikuwa na tenzi nyingi kichwani kuliko vitabu nilivyo navyo. Lakini utenzi ni safari ndefu, na mtu anayetoka zamu ya usiku hana nafasi nayo kila siku. Richard Wright, mwandishi Mmarekani mweusi, akiwa Ufaransa na afya imemwacha, katika miezi yake ya mwisho kabla ya kufariki 1960 aliandika haiku karibu 4,000. Alikuwa mbali na kwao, mgonjwa, na hicho ndicho alichoshika mkononi. Simwoni kama aliyeiba mali ya mtu.

Nimebakiza kitu ambacho kwangu ndicho kinene zaidi: usiandike peke yako mpaka mwisho. Mara moja kwa mwezi nakwenda kwenye ukumbi wa mtaa kuna kukai, baraza la haiku. Kila mtu analeta zake, kila moja kwenye kipande cha karatasi, bila jina. Vipande vinachanganywa na kugawiwa, kila mtu ananakili kwa mkono wake alivyopewa, ili hata mwandiko usimtaje mwenyewe. Karatasi zinaizunguka meza, unachagua zilizokugusa. Kisha zinasomwa kwa sauti, na ya kwako ikisomwa ndipo unalitaja jina lako. Wengi ni wazee, chai ipo, vitafunwa vipo, na mwenye miaka tisini anasomewa sawa na mgeni.

Ile ya polisi niliipeleka huko kwa Kijapani. Mama mmoja mzee sana aliichagua, akaulizwa kwa nini, akasema: huyo si yule wa njia panda ya kwenda Dogo? Ukumbi ukalipuka, kila mtu anamjua, kila mtu akaanza kumweleza. Nilipotaja jina langu walinigeukia wote kwa pamoja. Nimeishi hapa miaka kadhaa, na siku ile nilijisikia mtu wa mtaa ule.

Kwa hiyo napendekeza tufanye kukai yetu kwenye uzi huu kabla ya tarehe 5 Mei, siku majira haya yanapofungwa. Anayetaka anitumie haiku tatu kwenye inbox, neno la majira liwe la pale alipo: walio Ulaya, Japani na Marekani machipuko, walio nyumbani mvua za masika, kumbikumbi, au matope ya njiani, mnavyo tele. Nitazibandika zote hapa bila majina, mizani zikiwa zimehesabiwa. Kila mtu achague tatu na aseme neno moja kwa nini. Halafu wenyewe wajitokeze. Mleta mada, wewe anza na hao mbayuwayu.